Mwalimu wa Darasa la Kwanza Anapikwa Wapi?

Tanzania haijapungukiwa na miradi ya kusoma. Upimaji wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila wanafunzi 100 wa darasa la pili, ni 8 tu walioweza kusoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Baada ya hapo miradi ilifuatana. Ulikuja mradi wa LANES, na ule wa EQUIP-Tanzania wa fedha za Uingereza, uliofika mikoa kama Simiyu, Kigoma, Tabora na Lindi. Mwaka 2016 Wamarekani wakaleta Tusome Pamoja katika mikoa ya Iringa, Mtwara, Morogoro na Ruvuma, pamoja na Zanzibar. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili nao ulikuwa umeandikwa upya mwaka 2015, masomo yakapunguzwa ili kusoma, kuandika na kuhesabu, zile K tatu, zipate muda wa kutosha.

Sidharau kazi hiyo. Walimu waliokuwa wakiimbisha darasa zima ma-me-mi-mo-mu walionyeshwa jinsi ya kuanza na sauti: mtoto asikie kwanza kwamba neno “mama” linaanza midomo ikiwa imefungwa, ndipo aonyeshwe herufi inayobeba sauti hiyo. Vitabu vya hadithi vikafika mahali ambapo kitabu kilikuwa kimoja tu, tena cha mwalimu.

Ila karibu nguvu yote ya miradi hii ilikwenda kwa mwalimu aliyekwisha ajiriwa. Chuo cha ualimu, anakotoka mwalimu huyo, kilipata sehemu ndogo. Wakufunzi wengine waliitwa kuwa wawezeshaji wa semina, na hilo ni jema. Lakini semina ya siku chache haibadilishi namna chuo kinavyomlea kijana kwa muda wote wa mafunzo yake. Kila mwaka vyuo vimeendelea kutoa walimu wapya, na kila mradi umelazimika kuanza kuwafunza upya watu waliotoka chuoni juzi tu.

Tuingie chuoni tuone. Mkufunzi wa Kiswahili kwa kawaida ni mtu mwenye shahada, aliyeandaliwa kufundisha sekondari. Anaijua sarufi, anaijua fasihi, anaweza kueleza nadharia za ujifunzaji bila kutazama daftari. Wakufunzi wengi wa aina hii hawajawahi kusimama mbele ya watoto wa miaka sita wasiojua kushika penseli. Kwame Akyeampong na watafiti wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu maandalizi ya walimu katika nchi sita za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliona kwamba mafunzo ya chuo huwapa walimu wapya kujiamini kusiko na msingi: wanatoka na njia moja ya kufundisha, ile ile kwa kila darasa, isiyogusa namna watoto wadogo wanavyojifunza. Mtu anayejiona ameiva hatafuti msaada.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kumdanganya mwalimu. Irabu zetu ni tano, na tunavyotamka ndivyo tunavyoandika. Mtoto akishashika silabi, anaweza kutamka ukurasa mzima kwa muda mfupi, mgeni akapiga makofi. Muulize sasa aliyekunywa maji katika habari ile ni nani, uone anavyonyamaza. Mwingine hasomi hata silabi: amekariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake, na macho yake yako kwenye picha. Mwalimu anayejua kazi yake hufunika picha, akaweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari na kumwambia mtoto asome hilo. Anajua pia kwamba mtoto anayesoma “baba” bila shida anaweza kukwama kwenye “mbwa”, “nywele” na “ng’ombe”, na kwamba kukwama huko si uzembe. Haya ni maarifa ya mkono na jicho, hayapatikani kwa kunakili maelezo ya mkufunzi.

Chuoni kijana hujaribu somo lake mbele ya wanachuo wenzake wanaojifanya watoto. Wote wanajua jibu. Kisha huja mazoezi ya kufundisha, ambayo wenyewe huyaita BTP. Mwalimu mkuu, kwa huruma au kwa tahadhari, mara nyingi humpeleka darasa la tatu au la nne na kuendelea. Akipelekwa la kwanza, huenda akaachiwa darasa zima peke yake, kwa sababu shule ina upungufu wa walimu, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa hayo yamefurika. Mkufunzi wa kumtathmini anafika siku yake, ana vijana wengi wa kuwazungukia na nauli ndogo. Anakagua azimio la kazi, andalio la somo, zana na mpangilio wa ubao, anajaza fomu, anaondoka. Kama yupo mtoto aliyesoma sentensi siku hiyo, fomu haina pa kuliandika jambo hilo.

Kuna suala jingine ambalo vyuo hulipita haraka mno: lugha ya nyumbani. Katika vijiji vingi vya Usukumani mtoto huanza kuishi na Kiswahili siku anapoandikishwa shule. EQUIP-Tanzania ililiona hili, ikaanzisha maandalizi ya watoto kabla ya darasa la kwanza, yaliyojengwa juu ya hadithi na kuendeshwa na wasaidizi kutoka jamii yenyewe. Kusimulia hadithi kwa watoto wasiojua lugha, ukaitumia kuwajengea msamiati, ni ujuzi wa kufundishwa kwa mazoezi. Sielewi kwa nini msaidizi wa kijijini afunzwe ujuzi huo, lakini mwanachuo wa ualimu aukose.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kila aliyekuwa akitegemea mradi ujao alipata la kufikiria. Jambo ninalolitaka halihitaji mfadhili. Vyuo vyetu vingi vina shule ya jirani iliyobeba neno “Mazoezi” katika jina lake. Mwanachuo akabidhiwe watoto watano wa hapo wasiojua kusoma, akae nao kila wiki kwa muhula mzima, aandike kila mmoja amekwama wapi na amevukaje. Mkufunzi naye aketi hapo hapo sakafuni. Mwalimu mkongwe wa darasa la kwanza, ambaye kila wilaya inaye na kila mzazi anamjua, aalikwe chuoni kufundisha, alipwe kama mtaalamu. Na fomu ya tathmini ya BTP iongezwe kipengele kimoja: mtathmini amchague mtoto yeyote darasani, amfungulie ukurasa asiouzoea, amsikilize akisoma, kisha amuulize habari hiyo inasema nini.