Kitambi, karanga na dhamana ya anayetibu bila elimu



Ndugu msomaji, makala ya leo imezaliwa barazani. Baada ya swala ya Ijumaa mjini Nachingwea, kijana mmoja mkulima wa ufuta na korosho alinisogelea, akanieleza jambo ambalo aliona haya kulisema mbele ya watu. Mkewe ana mimba ya miezi sita, naye ameacha kula karanga, korosho na mayai kwa sababu wanawake wenzake wamemwambia kuwa vyakula hivyo hujenga kitambi kisichotoka baada ya kujifungua. Kila asubuhi hunywa maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu. Tena amekwisha kununua kichupa cha unga wa majani ambao muuzaji wake anauita Tiba ya Mtume, akaelekezwa kuanza kuutumia arobaini itakapokwisha. "Sheikh," akaniuliza, "jambo hili lina asili katika dini?"

Nilimjibu kwa ufupi pale pale, lakini nimeona swali lake linastahiki nafasi kubwa zaidi, kwani si la nyumba yake peke yake. Katika safari zangu kati ya Nachingwea na Ruangwa nimelisikia misikitini, madukani na hata ndani ya basi.

Kwanza tuelewane kitambi ni nini. Ni mafuta ambayo mwili umeyaweka akiba, mengine chini ya ngozi na mengine ndani zaidi, yakiwa yamezunguka utumbo na ini. Akiba hiyo hutokea pale mtu anapokula na kunywa zaidi ya nguvu anayoitumia, siku baada ya siku, kwa miezi na miaka. Mwili hauulizi nguvu ya ziada imetoka kwenye karanga, ugali, wali au soda. Na mahali akiba inapowekwa, iwe tumboni, mapajani au makalioni, huamuliwa zaidi na urithi, umri, jinsia na homoni. Ndiyo maana mwanamume wa miaka hamsini hunenepa tumbo ilhali binti wa miaka ishirini aliyekula naye sahani moja hunenepa kwingine. Hakuna chakula kilichoumbwa na njia yake ya kwenda moja kwa moja kwenye tumbo, kama ambavyo hakuna zoezi la kuinua mgongo linaloondoa mafuta ya tumbo peke yake na kuyaacha ya mahali pengine.

Ni kweli kwamba karanga zina mafuta mengi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ambapo gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Gramu 100 za karanga hutoa kalori zipatazo 570, na gramu 100 za muhogo mbichi hutoa kama 160 tu. Msomaji mwenye haraka atasema, basi adui amepatikana. Asiwe na haraka. Nani anakaa akala gramu 100 za karanga kila anapopita jikoni? Konzi moja, yaani gramu 30 hivi, ina kalori kama 170, na robo ya uzito wa karanga ni protini, ambayo humshibisha mtu na kumwondolea hamu ya kula tena upesi. Sasa mtazame anayezikimbia karanga huku akinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Kijiko kimoja ni gramu 4. Huyo ameingiza gramu 48, takriban kalori 190, bila kushiba hata kidogo, na bado hajagusa maandazi wala soda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima. Chai peke yake imekwisha kumfikisha mpakani. Watafiti waliowafuatilia watu kwa miaka mingi wameona kuwa wenye mazoea ya kula karanga, korosho na jamii zake kwa kiasi hawanenepi kuliko wasiokula.

Inashangaza zaidi kuwa maneno haya yanavuma Nachingwea. Wazee wetu wanakumbuka, au wamesimuliwa na wazazi wao, jinsi Serikali ya Uingereza ilivyoanzisha mwaka 1947 mpango mkubwa wa kilimo cha karanga katika Tanganyika, hapa Nachingwea na vilevile Kongwa na Urambo. Watu wao walikuwa wametoka vitani na hawakuwa na mafuta ya kutosha ya kula. Wakaleta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku bara, kisha mpango ukashindwa na kuachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli nayo iling'olewa baadaye. Taifa zima lilivuka bahari kuyatafuta mafuta ya karanga kwa ajili ya watoto wake, na leo mjukuu wa wale waliofyeka mashamba hayo anamtoa mkewe karanga mdomoni.

Hapo ndipo penye madhara hasa. Chakula chetu kikuu huku ni ugali wa muhogo na wa mahindi. Muhogo hutia nguvu, lakini protini yake ni haba mno. Kinachoukamilisha ni mbaazi, kunde, njugu mawe, karanga, kisamvu kilichoungwa, na mayai ya kuku anayezunguka uani. Mama mjamzito akiviacha hivyo kwa hofu ya kitambi, hubaki na muhogo, chai na ndimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu huanza tumboni mwa mama. Mtoto aliyedumaa hakosi kimo tu, bali hata uwezo wake wa kujifunza hupungua, na sisi walimu wa madrasa tunawajua vizuri watoto wanaohangaika na alifu kwa miaka. Mama anayelinda kiuno chake kwa njia hii anakilipia kwa mwili wa mwanawe, wala hakusudii.

Kama kuna jambo la kuliogopa katika karanga, basi ni ukungu. Karanga zilizonyeshewa, zilizovunjika au zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi au yenye uchungu, itupwe, wala isisagwe na kufichwa ndani ya mboga. Sijamsikia mtu hata mmoja akilizungumza hilo pale barazani.

Kuhusu maji ya ndimu, hayayeyushi chochote. Mafuta ya kitambi hayako ndani ya mfuko wa chakula ambamo ndimu inaingia, na tindikali ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika mfuko huo ni kali kuliko ya ndimu. Maji ya baridi nayo hayagandishi mafuta mwilini, kwa kuwa mwili huyapasha moto mara moja. Aliyepungua kwa maji ya ndimu alipungua kwa sababu aliacha chai ya sukari na vitumbua vitatu alivyokuwa akifungulia kinywa. Ama ugali wa usiku, tatizo lake ni ukubwa wa tonge na wingi wake. Saa ya kuula si kosa, ingawa anayelala mara tu baada ya kula hujiletea kiungulia.

Unga na majani ya kukata tumbo ni jambo zito zaidi. Mengi ya hayo yana sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mtumiaji huona mizani imeshuka baada ya siku mbili, akafurahi, kumbe ametoa maji na chumvi za mwili na mafuta yamebaki pale pale. Anayeiendeleza kwa wiki na miezi huweza kuudhoofisha moyo wake kwa kupoteza madini ya potasiamu. Mengine ni mabaya kuliko hayo. Kuna dawa ya kupunguza uzito iitwayo sibutramini ambayo ilizuiwa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi. Baada ya hapo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu.

Sasa turudi kwenye swali la asili katika dini. Habbat sauda imetajwa katika hadithi sahihi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, nasi tunaiamini bila shaka yoyote. Lakini wanazuoni waliotangulia, miongoni mwao Al-Khattabi, walifafanua kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni baadhi ya maradhi. Hawakuiona kuwa ruhusa ya kila mwenye meza sokoni kuandika jina la Mtume (S.A.W.) juu ya unga wowote na kuupangia ugonjwa autakao. Hakuna hadithi inayotaja unga wa kuondoa kitambi. Kumnasibishia Mtume jambo ambalo hakulisema ni dhambi kubwa, hata kama muuzaji ana nia ya kutafuta riziki ya wanawe.

Na iko hadithi nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Imepokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah kutoka kwa Abdullah bin Amr bin Al-Aas, na maana yake ni kwamba anayejitia kutibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu za fidia. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayowataka waganga na dawa zao wasajiliwe na Baraza lililoundwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mnunuzi ana haki, kisheria na kisharia, ya kumuuliza muuzaji: umesajiliwa wapi, na ndani ya kichupa mna nini?

Nimekuwa mkali hapa kwa sababu ninayo kumbukumbu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Ruangwa, mzee mmoja niliyemheshimu alianza kuota tumbo. Watu walimtania kuwa ameuza ufuta vizuri. Akashauriwa aache nazi na mbaazi, anywe ndimu na kitunguu saumu, naye akafanya hivyo kwa miezi mingi. Mimi mwenyewe nilikaa naye nikacheka na wenzangu, Mwenyezi Mungu anisamehe. Hakuna aliyeangalia kwamba mikono yake ilikuwa ikikonda kadiri tumbo lilivyokua. Alipofikishwa kwa madaktari ilibainika kuwa lile lilikuwa maji, na ini lilikuwa limekwisha haribika. Hatukuwa naye muda mrefu baada ya hapo.

Ndugu msomaji, tumbo linalokua upesi, au linalokua huku mwili wote unakonda, au linalofuatana na miguu kuvimba, macho kuwa ya manjano, homa, au damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke, halitakiwi kutibiwa barazani. Tumbo kubwa la mtoto mwenye nywele hafifu na miguu iliyovimba ni dalili ya utapiamlo na pengine minyoo. Hao wote wapelekwe zahanati, na wapelekwe mapema.

Kitambi chenyewe, kile cha mafuta, kipo na kina hatari yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Sisi wanaume tunaokaa madukani, maofisini na juu ya pikipiki tusijidanganye. Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno: mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke asiye mjamzito akizidi 80, hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo imeanza kupanda. Mkulima anayeinama na jembe hahitaji kuambiwa atembee. Sisi wengine tunahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, na msikiti ulio mbali kidogo na nyumba ni neema kwa anayekwenda kwa miguu.

Katika hili dini haikutuacha. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf imeruhusu kula na kunywa na ikakataza israfu, na hadithi ya Miqdam bin Maadikarib aliyoipokea Tirmidhi inajulikana na kila mtoto wa madrasa: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Ibnul Qayyim aliigawa lishe katika daraja tatu, ya haja, ya kutosheka na ya ziada. Utaona kuwa mafundisho yote hayo yanahusu kiasi. Hayamtaji mla karanga kwa ubaya. Nasi tunayageuza kila Ramadhani, tunafunga mchana kutwa kisha jioni tunaweka tambi za sukari, vitumbua, mihogo ya nazi na sharubati juu ya mkeka mmoja, halafu sikukuu inapofika tunalaumu korosho.

Yule kijana alirudi Ijumaa iliyofuata. Mkewe ameanza tena kula karanga na mbaazi, ila mayai bado, kwa kuwa mama mkwe anaamini kuwa yatamfanya mtoto azaliwe bila nywele. Nimeahidi kwenda mwenyewe kumwamkia bibi huyo na kuzungumza naye kwa adabu. Kichupa amenikabidhi. Kina picha ya Al-Kaaba upande mmoja, na upande wa pili hakuna jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe.