Mraibu Asifungiwe Nyumbani: Pa Kuanzia Kutafuta Matibabu Kilifi

Familia nyingi zinapochoshwa na ulevi wa mmoja wao, humfungia chumbani hadi pombe imtoke. Hatua hiyo inaweza kumuua. Mtu aliyezoea kunywa mnazi, chang'aa au pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutokwa na jasho baada ya saa chache. Wengine huanguka kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Kisha wapo wanaoweweseka na kuona vitu ambavyo havipo, na hapo maisha huwa hatarini. Dawa za kuzuia hali hiyo zipo, lakini hutolewa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Kwa hivyo mnywaji wa aina hii apelekwe hospitali kabla ya kuacha, na aeleze bila kuficha anakunywa nini, kiasi gani na tangu lini. Asiyejua aanzie wapi amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aende zahanati iliyo karibu apewe rufaa.

Kwa heroini, au unga kama watu wa Pwani wanavyoiita, njia ni tofauti. Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi ina kliniki ya methadoni iliyofunguliwa mwaka wa 2015, muda mfupi baada ya ile ya Mathari jijini Nairobi. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo humzuilia arosto kwa takriban saa 24, akaweza kwenda kazini au kukaa na watoto wake. Dawa yenyewe hailipiwi. Kwa kawaida mtu haandikishwi siku ya kwanza anapofika: hupitia kwanza kituo cha shirika linalohudumia watumiaji, kama vile Omari Project mjini Malindi, ambako hupata ushauri nasaha na kuandaliwa kabla ya kukabidhiwa kliniki.

Kinachowashinda wengi si dawa bali nauli. Methadoni hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na matibabu huweza kuendelea kwa miaka. Kwa anayeishi Ganze au Kaloleni, hilo si jambo dogo. Ni vyema familia ikae chini na kupanga mapema nani atachangia nauli, au kama mgonjwa anaweza kupata malazi kwa jamaa aliye karibu na Malindi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, asirudie kipimo chake cha awali bila kuonwa upya na daktari. Akitarajia kusafiri, aiarifu kliniki mapema; huduma kama hiyo iko pia Kisauni, Mombasa, na Kombani, Kwale. Na asichanganye methadoni na pombe wala tembe za usingizi, kwani mchanganyiko huo unaweza kusimamisha pumzi.

Jambo lingine ambalo familia hazielezwi vya kutosha: aliyetoka jela au kituo cha kurekebisha tabia baada ya wiki kadhaa bila unga, mwili wake hauhimili tena kiasi cha zamani. Akikirudia, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Huyo ndiye wa kupelekwa kliniki haraka, hata kama anaonekana mzima.

Kwa bangi na muguka hakuna dawa mbadala kama methadoni; tegemeo kubwa ni ushauri nasaha. Vituo vya kulala vipo, na wengi hukaa humo kwa takriban miezi mitatu, lakini si kila nyumba yenye kibao mlangoni ina kibali cha NACADA. Kabla ya kulipa chochote, mzazi aombe kuona kibali hicho, aulize gharama yote, nani mhudumu wa afya wa kituo, na kama jamaa wanaruhusiwa kumtembelea mgonjwa. Kituo kinachofunga watu kwa minyororo au kuwachapa hakitibu mtu.

NACADA hupokea simu bila malipo kupitia nambari 1192, mchana na usiku. Mzazi, mke au rafiki anaweza kupiga hata kama mhusika mwenyewe bado hajakubali kutibiwa.