Soko la 'wainjilisti' wa kompyuta: kwa nini kazi yao ni vigumu kupimwa na rahisi kufutwa

Katika biashara ya programu za kompyuta ipo ajira moja ambayo kwa miaka mingi ilinunuliwa kwa bei ya juu bila mnunuzi kujua hasa amenunua nini. Ni ajira ya mahusiano na watengenezaji wa programu. Mwenye kazi hii hulipwa na kampuni inayouza mtambo au huduma, lakini siku nzima huwatumikia mafundi wa makampuni mengine. Huwaandikia maelezo, huwatengenezea mifano, hujibu maswali yao, kisha huyarudisha malalamiko yao kwa wahandisi wa kampuni yake. Yeye mwenyewe hauzi kitu.

Chimbuko la kazi hii kwa sura yake ya sasa ni kampuni ya Apple ya Marekani. Kompyuta ya Macintosh ilipoingia sokoni Januari 24, 1984, kwa bei ya dola 2,495, ilikuwa na programu chache mno, na kompyuta isiyo na programu ni sawa na redio isiyo na stesheni. Apple iliwatuma watu, miongoni mwao Mike Boich na Guy Kawasaki, kuyashawishi makampuni mengine yaandikie programu mashine hiyo. Waliitwa wainjilisti, jina ambalo kwa msomaji wa Kiswahili hukumbusha zaidi mkutano wa hadhara na kwaya. Hata hivyo jina halikukosea, kwani walikuwa wakiwaomba watu watoe jasho la miezi kadhaa kwa ajili ya mashine ambayo bado haikuwa na wanunuzi wa kutosha.

Bidhaa inayozalishwa na wafanyakazi hawa ni saa za watu wengine, na mfano wa karibu uko Nairobi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya Machi 2007. Ilipofika 2017, Safaricom ilifungua mlango wa kuunganishia mifumo ya kompyuta na malipo hayo, ikauita Daraja. Fundi hujiandikisha mwenyewe, hupewa funguo za siri, kisha huanza majaribio kwa namba ya biashara ya mfano, 174379, kabla mwajiri wake hajawa na namba halisi.

Hapo ndipo saa huanza kupotea. Mteja akishabonyeza namba yake ya siri, majibu ya malipo hutumwa kwenye anwani iliyotajwa na fundi, na anwani hiyo sharti ifikike kutoka nje kwa njia ya intaneti. Fundi mgeni anayejaribu kwenye kompyuta ya mezani kwake, akaweka anwani ya ndani ya kompyuta hiyo, atangoja majibu yasiyofika kamwe. Atadhani amekosea funguo, ataandika upya sehemu iliyokuwa sahihi, na pengine atalala nayo.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mafundi 1,000 wakipoteza saa 3 kila mmoja kwa kizuizi cha namna hiyo, zimekwenda saa 3,000, yaani siku 375 za kazi ya saa 8. Mtu mmoja wa mahusiano akitumia siku 2 kuandika aya inayoeleweka, na kuiweka mahali ambapo fundi huanzia kusoma badala ya ukurasa wa mwisho, sehemu kubwa ya hasara hiyo huondoka. Lakini mhasibu akitafuta zile siku 375 katika vitabu vya kampuni hazioni, kwa kuwa zilikuwa za mishahara ya makampuni mengine. Anachokiona ni mshahara wa mwandishi wa aya.

Kutokana na hali hiyo, wakuu wa makampuni wamekuwa wakitafuta kipimo kingine, na kwa kawaida wamechukua kilicho rahisi kuhesabika: hotuba ngapi zimetolewa, watu wangapi walihudhuria, safari ngapi, makala ngapi. Vipimo hivi havielezi kama kuna fundi aliyemaliza kazi yake mapema.

Ugonjwa huu ni wa zamani katika uandishi wa programu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mameneja wa mradi wa Lisa hapo hapo Apple waliwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki kuonyesha idadi ya mistari waliyoandika. Bill Atkinson, ambaye wiki hiyo alikuwa ameiandika upya sehemu ya mtambo wa kuchorea ikawa fupi na yenye kasi zaidi, alijaza hasi 2,000. Baada ya muda mfupi walimwachia asijaze tena.

Makampuni yaliweza kuvumilia kipimo kibovu wakati fedha zilikuwa rahisi. Riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022; Julai 2023 ilikuwa imefika kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Wenye mitaji walianza kudai faida, na fagio likapita. Januari 2023 pekee Google ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000 na Microsoft 10,000. Twilio, kampuni ya huduma za simu na ujumbe iliyojenga jina lake kwa kuwabembeleza watengenezaji wa programu, ilipunguza asilimia 11 ya wafanyakazi Septemba 2022 na asilimia 17 nyingine Februari 2023. Watu wa mahusiano hawakusalimika katika fagio hilo, na haishangazi: mfanyakazi ambaye faida yake imo katika vitabu vya jirani hana cha kuonyesha mezani siku ya kukata majina.

Baadaye ikaja bidhaa shindani, mashine za akili bandia zinazojibu maswali ya mafundi papo hapo. Wengi waliona kwamba maelezo na mifano sasa itaandikwa bure. Lakini taarifa ya taasisi ya METR ya Julai 2025 inataka watu wapunguze haraka. Watengenezaji 16 wenye uzoefu walipewa kazi 246 katika miradi waliyoifahamu, baadhi kwa msaada wa mashine za mwanzoni mwa mwaka huo na baadhi bila msaada. Walitazamia kuokoa asilimia 24 ya muda, na walipomaliza waliamini wameokoa asilimia 20. Saa ilionyesha walichelewa kwa asilimia 19. Ni kundi dogo, na mashine hizo hubadilika upesi, lakini inatosha kuonyesha kwamba hisia ya fundi juu ya kasi yake si hesabu.

Lipo pia jambo la pili. Zamani fundi aliyekwama aliuliza hadharani, na swali lilipojirudia mara 50 kampuni ilijua ukurasa wake ni mbovu. Fundi anayeiuliza mashine faraghani hapati msaada wa mtu, na kampuni nayo haisikii kilio chake.

Njia ambayo baadhi ya makampuni yameitumia kuziba pengo hilo ni ya kizamani kabisa. Mfanyakazi wa mahusiano hujifanya mgeni, hufungua akaunti mpya, hufuata maelezo ya kampuni yake mwenyewe hatua kwa hatua, na kuandika saa na dakika kila anapokwama mpaka mtambo utakapotoa jibu la kwanza lililo sahihi. Gharama yake ni siku moja ya kazi. Mwezi unaofuata hurudia safari ile ile, na dakika za mara hii huwekwa kando ya zile za kwanza ili mhasibu azisome.