Msafara wa Pikipiki Kwenda Milima ya Usambara: Kundi Liwe Kinga, Lisiwe Hatari

Siku za mapumziko, wakazi wengi wa mijini hukusanyika na marafiki, wakapanda pikipiki na kwenda kushinda katika milima yenye misitu, kisha wakarejea jioni. Ni burudani njema: hupumzisha akili, huimarisha urafiki na humtoa mtu katika joto na kelele za mji. Makala haya hayakusudii kumkataza mtu safari hiyo. Yanakusudia kueleza jambo ambalo sisi tunaotibu majeruhi wa barabarani tunalifahamu vema. Msafiri aliye katika kundi hujiona salama kuliko aendaye peke yake, ilhali kundi lisilo na utaratibu humwongezea hatari. Kundi lililojipanga, kwa upande mwingine, ndilo msaada wa kwanza ulio karibu kuliko hospitali yoyote.

Tuchukue mfano wa safari ya kutoka mji wa Tanga kwenda Amani, katika Usambara Mashariki. Hadi Muheza barabara ni ya lami. Kutoka Muheza njia huelekea Sigi, kisha hupanda kwa kona nyingi hadi Amani, kwenye kimo cha takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997, yenye zaidi ya hekta 8,000 za msitu, mashamba ya chai, na kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambacho baadaye kilitumika kwa utafiti wa malaria. Msitu huu hupata mvua hata nje ya masika, hivyo udongo wa njia huweza kuteleza wakati wowote. Hospitali Teule iko Muheza na hospitali ya mkoa, Bombo, iko Tanga. Aangukaye kwenye kona za juu yuko mbali na zote mbili.

Kwa nini kundi huweza kuwa hatari

Katika msafara wa pikipiki nane, kiongozi akienda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, wa nane haendi kwa mwendo huo daima. Kila kona humpunguza, na kila baada ya kona hulazimika kuongeza kasi ili asiachwe. Kwa hiyo wa mwisho ndiye mwenye kasi kubwa kuliko wote katika vipande vingi vya njia. Aghalabu wa mwisho huyo ndiye mgeni wa kundi au mwenye uzoefu mdogo, naye huona haya kusema kwamba mwendo umemshinda. Macho yake huacha kusoma barabara, yakaganda kwenye taa ya mwenzake aliye mbele. Mwenzake akikosea kona, naye humfuata huko huko.

Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni sawa na takriban mita 17 kwa kila sekunde. Tangu jicho lione hatari hadi mkono na mguu vikamate breki hupita kama sekunde moja na nusu. Katika muda huo pikipiki imekwishakwenda mita 25 bila kupungua kasi hata kidogo. Anayemfuata mwenzake kwa umbali wa mita 10 hana nafasi ya kujiokoa. Aidha, nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, nguvu ambayo mwili utapaswa kuipokea huongezeka mara nne.

Dawa yake ni utaratibu unaokubaliwa kabla ya kuwasha injini:

1. Mwendo wa msafara huamuliwa na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Huyo huwekwa nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, wala si mkiani.

2. Mwenye uzoefu mkubwa hufunga msafara, akiwa na kisanduku cha huduma ya kwanza. Hakuna anayebaki nyuma yake.

3. Nafasi kati ya pikipiki na pikipiki iwe ya sekunde mbili kwenye lami kavu, na angalau sekunde nne kwenye vumbi, changarawe au tope. Chagua mti au nguzo. Mwenzako akiipita, hesabu hadi utakapoifikia wewe.

4. Hakuna kupitana ndani ya kundi. Kwenye kona kila mmoja hukaa upande wake wa kushoto, akikumbuka kwamba lori la chai au basi laweza kutokea mbele yake.

5. Kundi likizidi watu sita, ligawanywe mara mbili, na wote wakutane mahali palipotajwa. Ajuaye kwamba atasubiriwa hana sababu ya kukimbiza.

Mwili barabarani

Upepo humdanganya mwendesha pikipiki. Katika joto la pwani jasho hukauka kabla hajaliona, naye hupoteza maji bila kuhisi kiu kali. Dalili zake za awali ni kichwa kuuma, uzito wa mawazo na kuchelewa kuamua. Huko juu hali hugeuka. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na nguo zilizolowa jasho au ukungu huongeza baridi. Vidole vikikakamaa, breki huchelewa. Kila msafiri achukue maji ya kutosha, glovu na koti kavu.

Saa za hatari zaidi ni za kurudi. Kati ya saa nane na saa kumi alasiri mwili wa binadamu hulegea kwa maumbile yake, na mlo mzito huzidisha usingizi. Ndio muda huo huo ambao wengi huanza kuteremka mlima. Ni vema kula chakula chepesi, kulala dakika 20 kivulini, na kuondoka mapema ili giza lisiwakute msituni. Katika mteremko tumieni gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo, badala ya kukandamiza breki mfululizo hadi zipate moto. Pombe, hata chupa moja, isubiri hadi pikipiki imelazwa nyumbani.

Wenye maradhi ya muda mrefu wazungumze na mtoa huduma wao kabla ya safari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo, abebe kitu kitamu mfukoni, na amwarifu mwenzake mmoja. Mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa asiendeshe. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama klorofeniramini, huleta usingizi, hivyo zisimezwe siku ya kuendesha. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu ya safari.

Kofia ngumu

Mwaka 1935, nchini Uingereza, T. E. Lawrence alifariki siku chache baada ya kuanguka na pikipiki bila kofia. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns. Cairns aliendelea kuchunguza vifo vya wanajeshi waliopeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha hoja yake kwamba kofia ngumu huokoa maisha. Tafiti nyingi zimefuata. Mapitio ya pamoja yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kofia hufanya kazi kwa sababu povu gumu lililo ndani yake hubonyea na kumeza nguvu ambayo ingefika kwenye ubongo. Povu hilo hubonyea mara moja tu. Kofia iliyokwisha kugonga chini haifai tena, hata ikionekana nzima. Kofia isiyofungwa mkanda wa kidevu huruka kabla kichwa hakijafika ardhini. Funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma: ikitoka, si yako. Abiria naye anastahili kofia iliyo sawa na ya dereva.

Ajali ikitokea

Kwanza, zuieni ajali ya pili. Simamisheni watu pande zote mbili za kona waonye magari. Mmoja apige simu; palipokosa mtandao, aende hadi unapopatikana. Wengine wamhudumie majeruhi kwa mpangilio ufuatao.

Damu inayomwagika. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachia. Damu ya mkono au mguu ikiendelea kububujika, fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, mkisokote kwa kijiti hadi damu ikome. Andikeni saa mliyofunga, wala msilegeze hadi hospitali. Waya na kamba nyembamba hazifai.

Pumzi. Akipumua vizuri, mwacheni na kofia yake na kishikeni kichwa kisigeuke. Akikoroma, akitapika au kushindwa kupumua, kofia ivuliwe na watu wawili: mmoja hushika taya na shingo, mwingine huivuta polepole. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, akigeuzwa kichwa na mwili kwa pamoja.

Mfupa wa paja. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na paja lililovunjika laweza kuficha lita moja au zaidi bila tone kuonekana nje. Mfungeni mguu ulioumia pamoja na ule mzima, mfunikeni asipate baridi, na msimpe chakula wala kinywaji.

Usafiri. Msimpakie mshikaki kati ya watu wawili juu ya pikipiki. Tafuteni gari, naye alazwe juu ya ubao au mlango kama machela.

Mtu aliyegonga kichwa, akainuka na kusema hajambo, bado hajasalimika. Mshipa uliopasuka chini ya fuvu huweza kuvuja polepole; majeruhi akaongea na hata kucheka, kisha baada ya saa chache akalala usingizi usioamshika. Huyo asiendeshe tena siku hiyo, na asilale peke yake usiku huo. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi mzito, degedege, udhaifu wa upande mmoja, au majimaji puani na masikioni ni sababu za kwenda hospitali papo hapo. Kwa maumivu apewe parasetamoli; aspirini na diklofenaki zaweza kuzidisha uvujaji.

Kwa jeraha dogo lililo la kawaida, yaani kuungua kwa bomba la moshi kwenye muundi, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga havina nafasi hapo.

Kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya

Majeruhi wa milimani hufika kwenu kwanza. Kwa mtu mzima, shinikizo la damu likishuka, msilihusishe na jeraha la kichwa pekee. Tafuteni damu kifuani, tumboni, kwenye nyonga na mapajani. Pimeni kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow kila nusu saa, na mwandike namba hizo kwenye barua ya rufaa, kwa kuwa mabadiliko yake humwambia mpasuaji mengi kuliko namba moja. Palipo na asidi ya traneksamiki, majeruhi anayevuja damu nyingi apewe gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulionesha kwamba dawa hii hupunguza vifo, na uchambuzi uliofuata ulionesha kwamba baada ya saa 3 yaweza kudhuru. Pigeni simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe na mwenzake wakati tiba ya kuokoa maisha ikiendelea, wala isiicheleweshe.

Kabla ya safari ijayo

Ndugu msomaji, kikao cha dakika kumi kabla ya kuondoka chatosha kubadili hali. Hakikisheni kila mmoja ana kofia iliyofungwa, namba ya hospitali ya Muheza imo katika simu zote, mfunga msafara anajulikana, na aliye mgeni amepewa nafasi ya pili. Kisha mwulizeni huyo mgeni, mbele ya wote, mwendo gani unamfaa. Jibu lake ndilo liwe mwendo wa kundi zima, kwenda na kurudi.