Saa ya Kwanza ni ya Jirani

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, Mlima Hanang ulimeguka. Mvua ilikuwa imelowesha miamba yake laini hadi ikashindwa kujishikilia. Tope likaporomoka na mawe na magogo, likazoa nyumba na kuingia hadi mjini Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Wanajeshi walikuja, mitambo ikaja, viongozi wakaja. Lakini waliotangulia kuingia topeni ni wenyeji, watu waliojua nani alilala nyumba ipi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika.

Saa ya kwanza ya maafa, basi, ni ya jirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inalitambua hilo: imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya, hadi kata, kijiji na mtaa. Ila kamba hukatikia pembamba, na pembamba pake ni huku chini tunakoishi.

Muulize mwenyekiti wako wa mtaa kamati yake ilikaa lini mara ya mwisho. Ina daftari linaloonyesha nyumba ya bibi asiyeweza kutembea, na jina la kijana atakayembeba? Koleo, kamba, tochi na machela vimehifadhiwa kwa nani? Mvua ikizidi usiku, itapigwa filimbi, ngoma au spika ya msikiti, na watu wakimbilie wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatahadharisha mapema kuhusu mvua za El Niño za msimu ule wa 2023. Utabiri hautaji kitongoji. Kazi ya kuufikisha bondeni na mlimani ni ya kamati. Nayo haifanyi kazi kwa maneno matupu. Halmashauri zinapogawa mapato ya ndani, zitenge fungu la mafunzo na vifaa vya kata, na madiwani wadai fungu hilo kama wanavyodai barabara.

Na tuanze na jambo lisilogharimu hata senti. Shule iliyo mwinukoni ndiyo kimbilio la mtaa wako. Saa nane usiku, mvua ikinyesha, ufunguo wake anao nani?