Usimwondolee mzee kazi zote
Mzee akifika miaka 70, familia nyingi, kuanzia Langas mjini Eldoret hadi Moiben, humwondolea kila kazi kwa heshima: maziwa yapelekwe na mjukuu, mahindi yapukuchuliwe na kibarua. Heshima hiyo ina gharama. Tafiti zinaonyesha kuwa wazee walio wapweke, wasio na la kufanya wala la kufikiria, hudhoofika zaidi, ingawa udhaifu nao humfungia mtu nyumbani. Dalili ni kupungua uzito, kutembea polepole, mkono kukosa nguvu na uchovu usioisha. Ukigunduliwa mapema, udhaifu unaweza kupunguzwa. Mwachie ahesabu pesa za maziwa, aende kanisani, chamani au akacheze ajua. Ukiona dalili hizo, mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako.