Gati bovu: Usikimbilie kumshusha mtoto kabla chombo hakijafungwa

KWA familia nyingi za mwambao na visiwani, kuanzia Lamu hadi Mafia, kupanda mashua au jahazi ni jambo la kawaida. Wazazi wengi huhofia upepo na mawimbi ya katikati ya safari. Lakini ipo hatari nyingine mwishoni: ile hatua moja ya kutoka chomboni hadi gatini, hasa gati likiwa limechakaa.

Chombo cha tanga hakina breki. Nahodha hushusha tanga mapema ili kupunguza mwendo, kisha mabaharia humalizia kwa upondo na kamba. Kwenye gati zima, kamba hukazwa mbele na nyuma, na matairi huzuia ubavu kugonga. Kwenye gati bovu, nguzo za kufungia huenda zimelegea na matairi yamekatika. Chombo huendelea kucheza. Nafasi kati yake na gati hufunguka, kisha hujifunga ghafla. Mguu wa mtoto ukiwa hapo, unaweza kusagika.

Maji ya chumvi huzitia kutu nondo zilizo ndani ya zege, zikavimba na kulipasua. Mbao huoza na kuacha misumari wazi. Ngazi za chini huota mwani na kuteleza. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, hivyo gati lililokuwa usawa wa chombo asubuhi laweza kuwa ukuta mrefu mchana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5.

Mzazi afanye nini?

• Mtoto abaki na jaketi okozi hadi afike nchi kavu.

• Kaeni hadi nahodha aseme kamba zimefungwa.

• Usiruke ukiwa umembeba mtoto. Mtu mzima ashuke kwanza, ampokee mkono kwa mkono.

• Mtoto avae viatu. Akichomwa na msumari, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya na kadi yake ya chanjo, kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Gati likionekana halifai, mwombe nahodha awashushe ufukweni penye maji machache. Nguo zilizolowa hukauka.